Kebero Hafungwi Mnyororo

Kikombe cha pili kilikuwa bado cha moto Mulunesh aliposimama. Majirani waliojaa sebule ya Bogalech wakageuza vichwa. Hakuna mtu wa Addis Ababa anayeondoka kahawani kabla ya kikombe cha tatu. Hicho ndicho chenye baraka.

"Keti, dada," alisema Bogalech, birika la udongo mkononi. "Hatukukufukuza wewe. Ni mbwa tu."

"Mmenipa hadi Jumapili nimtoe Kebero. Nimesikia. Baraka nitainywa siku atakapopata kwao, kwa mtu asiyemtia mnyororo."

"Basi utakaa na kiu," alisema Tadele, mwenyekiti wa jengo, na wenzake wakacheka.

Mulunesh hakuwaona waongo. Kebero, aliyepewa jina la ngoma ya kanisani kwa mbweko wake, alikulia mtaa wa zamani, kabla haujabomolewa, akilinda lango moja na ua mmoja. Sasa walikuwa ghorofa ya tatu, na mbwa alizifanya ngazi zote kuwa ua wake. Mtu akipanda na mkate, anabweka. Akishuka na takataka, anabweka. Kitoto cha Bogalech kilikuwa hakilali, na jirani wa juu aligonga sakafu kwa mchi hadi chokaa ikadondokea unga wake wa mkate wa injera. Yote kweli. Lakini nje ya lango la jengo, mbwa wasio na mwenyewe walitupiwa nyama yenye sumu, na Mulunesh alikuwa ameapa: huyu aliyemlinda tangu siku walipomzika mumewe hatakufa akitapika mtaroni.

Kesho yake Tadele alimsimamisha ngazini. "Shemeji yangu ana kiwanja cha mbao. Anatafuta mbwa mkali. Mpeleke, mama, yaishe."

Alikwenda, lakini kwanza peke yake, bila mbwa. Shemeji alimwonyesha sanduku la mabati lisilo na dirisha. "Mchana namfungia humu, usiku namfungulia. Ndivyo wanavyokuwa wakali." Ndani alikuwemo mbwa mzee, shingo yake haina manyoya, imebaki pete ya kidonda.

"Sikupi," alisema Mulunesh.

"Mama, huyo ni mbwa, si bwana harusi. Unamchagulia nyumba?"

"Angekuwa bwana harusi ningekuachia hata bila kuuliza."

Mwanamke aliyemuuzia kuni za kuokea injera ndiye aliyemtajia Amsale, mjane wa mlima Entoto ambaye fisi walikuwa wakimmalizia kondoo. Jumamosi asubuhi Mulunesh alijitanda mtandio wake mweupe wa pamba, akamshika Kebero kwa kamba ya katani, wakapanda katikati ya mikalitusi, ukungu ukiwalowesha nyusi.

Amsale alikuwa mfupi, mwenye mdomo. Alimzunguka mbwa kama anayenunua ng'ombe. "Mnyororo sina, wala sitaki. Mbwa aliyefungwa atamfukuza fisi kwa macho? Ila abweke. Anabweka?"

"Jengo zima limemkimbia kwa kubweka."

Kebero akakaa kimya. Kondoo wakalia, kimya. Jogoo akampita puani, kimya. Akajilaza juu ya miguu ya Mulunesh na kupiga miayo.

"Mwanangu," alisema Amsale, "hii ngoma yako imepasuka. Mnywe kahawa, mrudi zenu."

Walikunywa kikombe cha kwanza. Wakanywa cha pili. Mulunesh alimtazama mbwa wake; Jumapili ilikuwa kesho. Kisha akaona: miguu yake mwenyewe, aliyoilalia mbwa, ndiyo iliyomnyamazisha. Mbwa huyu hakupata kubweka ugenini. Alibweka penye kizingiti cha kwao, na hapa hakuwa nacho.

Alisimama, akauvua mtandio, akautandika kwenye mlango wa zizi, kisha akaifungua kamba na kuitupa mbali. "Hapa," alimwambia. "Hapa ndipo kwenu." Kebero aliunusa, akauzunguka, akaulalia, kichwa kikiangalia njia.

Wakangoja. Ubaridi ukamwingia Mulunesh mabegani, asirudi kuuchukua. Mara wakatokea wanawake wawili wenye mizigo ya kuni, na Kebero akasimama, manyoya ya mgongo juu, akabweka mpaka bonde likamjibu.

"Mwite mbwa wako," mmoja alipiga kelele, "tumechoka hata kukimbia."

"Si wangu," alijibu Mulunesh. "Ni wa huyu mama."

Amsale akalishika birika. Alimimina cha tatu, akakitoa kwa mikono miwili, na Mulunesh akakinywa chote, machozi na moshi, hadi mashapo. Aliteremka bila mtandio. Mbweko ulimfuata nyuma hadi kwenye lami, wala hakugeuka.

Jumapili ngazi zilikuwa kimya. Bogalech alimfungulia mlango, akamtazama mikono mitupu, akaona haya. "Ingia, dada. Tumekuwekea baraka yako."

"Mpeni Tadele," alisema Mulunesh, akiketi. "Yangu nimeshainywa mlimani."