Neno Alilobakiwa Nalo

Mtaani walimwita Spika, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini. Akisali jikoni kwake, jirani wa nyumba ya tatu aliitikia Amina huku akifua. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisani, na sala yake ya kabla ya chakula ilisifika kwa kupoza mchuzi. Watoto wake walipokuwa wadogo walijifunza kula kwa macho kwanza, kijiko mkononi, huku mama yao akiwaombea wagonjwa, wasafiri, wafungwa, na wale walioelekea kuwa wafungwa.

Mumewe alikuwa fundi wa makochi. Kazi hiyo ilimfaa. Fundi wa makochi hubana misumari midogo midomoni, akiitoa mmoja mmoja kukaza kitambaa, na mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi maneno mengi. Tangu waoane, mke aliomba na mume akaitikia.

"Mimi na mwenzangu tumegawana kazi," alipenda kuwaambia wateja. "Yeye anaongea na Mungu, mimi nagonga muhuri."

Jumapili moja asubuhi, Spika alikuwa akipiga pasi gauni la kwendea kanisani. Fundi alisikia kishindo. Alipoingia chumbani alimkuta mkewe amekaa sakafuni, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake, na macho yamemkodolea yeye kana kwamba kuna swali anataka kuuliza. Fundi aliichomoa pasi, akamkumbatia, akapiga kelele ambazo hakujua kama anazo.

Hospitalini walisema ni kiharusi.

Spika aliporudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, mguu ulikuwa umeanza kumtii. Mkono bado. Maneno ndiyo yalikuwa yamekwenda zake, yote isipokuwa moja, nalo lilikuwa "jana". Hakuna aliyejua kwa nini limebaki hilo. Akitaka maji, jana. Akitaka dirisha lifungwe, jana. Wasipomwelewa, "Jana! Jana! Jana!" na machozi juu. Kichwani mwake maneno yalikuwepo, aliyaona kabisa, lakini kila lililofika mdomoni liligeuka lile lile.

Binti yao, kifungua mimba, alikuwa amekuja kumuuguza. Jioni ya kwanza aliandaa meza, wote watatu wakainamisha vichwa kwa mazoea, wakangoja. Spika alifumba macho. Akavuta pumzi ile ndefu waliyoizoea.

"Jana," alisema.

Akafumbua macho, akasukuma sahani, akaondoka akiburuta mguu. Tangu siku hiyo wakawa wanakula bila sala. Biblia yake aliiondoa mwenyewe kando ya kitanda kwa mkono wa kushoto, akaitumbukiza kwenye droo ya soksi.

Kila wiki Fundi alimpeleka hospitali kwa dada mmoja aliyefundisha watu kuongea na kutumia mikono upya. Alikuwa msichana mpole, mwenye subira ya kutunga shanga, na alimwita mgonjwa wake "mama" kama vile ndiye aliyemzaa. Siku ya kwanza alimuuliza angependa kufika wapi. Spika alionyesha kwa mkono: kusimama, watu wengi, mikono juu, sauti. Binti yao, aliyewasindikiza, akatafsiri, "Anataka kuongoza sala ya akina mama, kama zamani."

"Hilo ni zuri, mama, tuliweke pale juu," alisema yule dada. "Sasa tutafute dogo. Dogo mpaka likuchekeshe. Lengo likikutisha, huligusi. Likikuchekesha, utalifanya hata ukiwa umenuna."

Lengo la wiki hiyo likawa kuinua kikombe kitupu kwa mkono ule wa kulia hadi kidevuni. Si kunywa. Kidevuni tu, kisha kukirudisha. Spika alimtazama mumewe kama anayesema, tumepanda gari mpaka hapa kwa ajili ya hili?

Lakini Fundi alirudi na maneno yale karakanani. Alikuwa akibandika sponji kwenye kiti cha mteja, mdomo umejaa misumari, na kila alipoutoa mmoja wazo lilimrudia. Mbona mkono umepewa lengo dogo, na sala imeachwa ife kwa sababu haiwezi kuwa kubwa? Na yeye mwenyewe, mume wa Spika, aliwahi lini kumwambia Mungu chochote kwa sauti?

Jioni hiyo, kabla binti hajapakua, alikohoa.

"Leo nitaomba mimi," alisema. "Sentensi moja. Msinicheke."

Walimwangalia. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alifumba macho, akayafumbua, akayafumba tena.

"Mungu," alisema hatimaye, "ni sisi."

Alisubiri nyingine ije, haikuja. Binti alijiziba mdomo kwa kiganja. Halafu sauti ikatoka upande wa pili wa meza, sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu ile Jumapili: Spika alikuwa anacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, mabega yakitikisika, mpaka akashika meza.

"Kwani uongo?" Fundi aliuliza, naye anacheka. "Si ndiyo sisi?"

Siku zilizofuata aliendelea na sentensi yake moja. Mungu, leo joto. Mungu, mteja wangu amerudisha kochi, nisaidie nisimjibu. Mke alisikiliza. Siku moja Fundi alimgusa bega baada ya kula.

"Mwenzangu, na wewe tukutafutie dogo. Mwambie Mungu neno ulilo nalo."

Spika alitikisa kichwa kwa hasira. "Jana," alisema, akipiga kidole mdomoni, kuonyesha kwamba hilo tu ndilo lililomo humu.

"Basi mpe hilo hilo. Mimi jana nilikuona ukipanda ngazi ya mlangoni bila kunishika. Na wewe kumbuka chako cha jana. Kumbuka kimoja, kisha umtajie jana. Atashindwa kuelewa? Yeye si mimi."

Macho ya Spika yakafungwa, na uso wake ukalegea. Fundi hakujua amekumbuka nini, na hakuuliza.

"Jana," alisema Spika, taratibu, kama mtu anayekabidhi kitu mkononi mwa mwenzake.

Binti aliinuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mambo yangekwenda vizuri kama Fundi asingenogewa. Lakini alinogewa. Sentensi moja ikawa tano. Akaongeza zaburi ya asubuhi, akimsomea mkewe mswaki ukiwa bado mdomoni. Akaongeza kumfanyisha mazoezi ya herufi mara baada ya zaburi, kisha safari ya kwenda kanisani kwa miguu. "Tukazane, mwenzangu, imani bila matendo imekufa," alisema, akimvuta kwa mkono. Alikuwa amegundua kwamba ana sauti, na sauti mpya ni kama viatu vipya, mtu hataki kuvivua.

Njiani kuelekea kanisani Spika alichoka, akasimama. Fundi akasema bado kidogo tu. Akamvuta. Spika alijikaza, kisha akajinasua, akakaa pale pale kwenye ukingo wa mtaro na gauni lake jeupe, akagoma. Akina mama waliokuwa wakipita walisimama, wengine wakaanza kumwombea kwa nguvu, na yeye akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

Nyumbani alijifungia. Hakutaka sentensi, hakutaka kikombe, hakutaka mtu. Fundi aliketi kwenye kochi lisilo na kitambaa, mbao na springi tupu, akainamisha kichwa.

Binti alimfuata. "Baba," alisema, "nikwambie kitu usikasirike?"

"Sema, mwanangu."

"Sasa Spika umekuwa wewe."

Fundi alitaka kubisha. Akacheka kidogo, ingawa macho yalikuwa yamelowa. Kisha akaenda kugonga mlango wa chumba.

"Nimekukimbiza," alisema akiwa nje. "Nisamehe. Leo hatuombi kitu. Nitakaa tu hapa."

Akakaa chini, mgongo mlangoni. Baada ya muda mlango ulifunguka taratibu, nusura aangukie ndani, na Spika akashuka kwa shida mpaka chini, akaketi karibu yake. Walikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, na kuinuka kukawa mtihani uliohitaji binti kuja kuwavuta mmoja mmoja kama magunia.

Wakarudi kwenye udogo. Sentensi moja ya mume, neno moja la mke. Wiki zikapita, na maneno yakaanza kurudi kwa mwendo wake yenyewe. Kwanza "maji". Kisha "wewe". Kisha "chumvi", tena lile la mwisho kwa ukali, maana binti alikuwa ameisahau. Sauti kubwa haikurudi. Dada wa hospitali aliwaambia kwa upole kwamba huenda isirudi kamwe, na Spika aliinamisha kichwa akakubali. Alilia kidogo njiani. Fundi alimwacha alie.

Asubuhi moja wakiwa hospitalini wakingoja zamu yao, aliletwa mgonjwa mpya. Alikuwa dereva wa lori, mtu mnene, ameletwa na mkewe, mdomo umepinda, mkono mmoja umelala kama wa Spika. Mkewe alimbembeleza aingie kwa mtaalamu, naye aligoma kuinuka benchini, akigonga ukuta kwa ngumi ya mkono mzima, akitoa sauti isiyo na neno. Watu kwenye mabenchi walitazama pembeni. Fundi pia alitazama pembeni, kwa aibu ya kuyajua yale.

Spika aliinuka. Alivuka ukumbi akiburuta mguu wake, akaketi benchi moja na dereva, upande wa mkono wa yule bwana uliokufa. Alimshika mkono ule kwa mkono wake wa kushoto. Zamani angeita jina la Bwana mpaka madirisha yatetemeke. Sasa alikaa tu. Yule bwana alimgeukia, amekunja uso.

"Pole," Spika alisema. Akatafuta tena. "Po-le-po-le."

Dereva alimtazama mdomo wake uliopinda, akagusa wa kwake. Ngumi ikafunguka. Mkewe akageukia ukuta, akalia.

Wakaitwa, wakaingia, wakafanya mazoezi, wakatoka. Waliposhuka kwenye gari, walipumzika kwenye benchi la duka la vifaa vya shule, kama kawaida yao.

"Haya, mwenzangu," Fundi alisema. "Wiki hii tuchague dogo gani?"

Spika alifikiri. Kijasho kilimtoka puani kwa kulitafuta neno, naye Fundi akajizuia asimsaidie.

"Yule," alisema mwishowe, akinyoosha kidole kule hospitalini walikotoka. "Yule... tena."