Chuma cha Mzee Simeoni

Mdogo wangu Hezekia alishusha mashine kwanza, shikamoo ikafuata baadaye, tena aliitoa huku anatafuta spana. Mimi ni dada yake, nimembeba mgongoni huyo. Nikaitika marahaba kwa shingo upande, nikarudi kuchonga mzinga kwa tezo yangu.

Niseme kabisa tulichokuwa tunagombania, msije mkaniona mkorofi bure. Baba yetu, Mzee Simeoni, ana kipande cha chuma chenye ncha ya duara na mkia. Kinapashwa moto, kinapigwa kwenye mzinga wa gogo, na mzinga wenye alama hiyo hauguswi na mtu hapa Itigi. Mwenye chuma ndiye mwenye miti ya baba na nyuki wake. Baba magoti yamekwisha. Miaka kumi na moja nimepanda mimi hiyo miti, nimeumwa mimi, Hezekia yuko Dodoma anauza simu. Leo karudi, eti mtoto wa kiume, anataka chuma. Na baba badala ya kumfukuza akasema msimu huu kila mtu atundike mizinga yake, ambaye nyuki wataingia kwake kwa wingi, chuma ni chake.

Roho iliniuma. Kana kwamba tulianza sawa.

Mashine yenyewe ni ya kupasulia magogo. Ilikuja vipande vipande: injini ya petroli, magurudumu mawili, boriti ya chuma, jeki nene la kusukuma gogo na mipira yake ya oili, na kabari ya kulipasua. Karatasi ya maelekezo aliikalia. Asubuhi nzima alikuwa anakaza nati na kuzitukana. Alipomaliza, kikabaki kifuko cha nailoni chenye pete nne nyeusi za mpira. Nikamuuliza zinakaa wapi. Akasema ni za akiba.

"Dada Damari, wewe jua asali yako," akaniambia mbele ya majirani waliokuja kushangaa. "Mashine niachie."

Wakacheka. Akakitupa kifuko jalalani. Walipoondoka nikakiokota, nikakifunga kwenye pindo la kanga.

Akavuta kamba mara sita, injini ikanguruma, uani kukajaa moshi. Gogo likalazwa kwenye boriti, akasukuma mkono wa mashine, jeki likaja taratibu, gogo likaachana katikati. Mimi gogo moja linanila asubuhi nzima kwa shoka. Yeye alipasua manane kabla ya uji kupoa, vibarua wawili wakawa wanachimbua ndani. Lakini kila jeki liliposukuma, oili ilifoka kwenye maungio ya ile mipira, ikarashia mbao. Akawa anafuta kwa tambara la dizeli, mizinga inang'aa.

Nyuki haingii kwenye mzinga unaonuka mafuta. Hezekia alilijua hilo utotoni, mjini akalisahau. Baba pua yake ameiua kwa ugoro, hakusikia kitu. Niliyesikia harufu ni mimi. Siku ya pili nikafungua mdomo nimwambie, akaanza kuniigiza ninavyopanda ngazi, na makalio yangu yote, vibarua wakashika mbavu. Basi. Nikasema moyoni, endelea bwana, endelea.

Akaangusha mitundu kumi na mitano ya baba, miti ambayo babu aliikuta imesimama. Ikatoka mizinga thelathini. Mimi nilitengeneza sita, kwa magogo yaliyoanguka yenyewe. Tukatundika.

Mvua zikaja, maua yakaja. Kwangu nyuki waliingia mizinga mitano. Kwake, katika yote thelathini, aliingia mjusi mmoja. Baba aliniita mbele ya Hezekia, akaniwekea chuma mkononi bila maneno mengi. Nililia, sifichi. Usiku huo nililala nacho chini ya mto.

Kesho yake baba akaagiza mizinga ya Hezekia ishushwe, ipasuliwe kuni kwa mashine yake mwenyewe. Hezekia akaiwasha. Jeki likasukuma kidogo, likasimama, oili ikamwagika chini. Akazunguka, akapiga teke gurudumu, akasema waliomuuzia ni wezi, wamemuuzia mashine mbovu, wao ndio waliomharibia mizinga. Baba akaanza kutikisa kichwa kwa huruma. Huruma! Kwa huyu!

Ningekaa kimya tu. Chuma nilikuwa nacho. Lakini mimi na mdomo wangu hatujawahi kuelewana. Nikaenda ndani, nikarudi na kifuko, nikakitupa miguuni pake.

"Akiba zako hizo," nikasema. "Mashine nzima. Mbovu ni wewe."

Hezekia alikiokota. Alizitazama zile pete, akatazama maungio, akaelewa. Nilisubiri baba acheke. Hakucheka.

"Unazo tangu lini?" akaniuliza.

Nikasema tangu siku ile ilipofungwa.

"Ukaona oili inaruka kwenye mbao."

"Nikaona, baba."

"Na miti yangu ikawa inaanguka."

Nilitaka kumwambia nilivyotukanwa, nilivyoigizwa.

"Huyu ameiua kwa ujinga," baba akasema. "Wewe umeiua unajua."

Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka nimshike ainuke. Alitaka chuma. Nikakifungua kwenye pindo lilelile la kanga, nikampa. Hakumpa Hezekia pia. Alikitia mfukoni mwa koti lake, akatuambia tumalize kuni.

Hezekia akafungua maungio, akapachika pete moja moja, akakaza. Akavuta kamba. Mimi nikalaza nusu ya mzinga kwenye boriti, nikasukuma mkono wa mashine. Tulipasua thelathini yote, na mashine haikuvuja hata tone.