Mkazi wa Namba Kumi na Saba

Kwa miaka ishirini nimebisha hodi kwenye nyumba zilezile, kila baada ya miaka mitano, dodoso mkononi. Mnapata kiasi gani? Mna vyumba vingapi? Mna gari? Kutokana na majibu hayo ofisi yetu ya takwimu huchora mstari wa pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho. Mstari huo umekuwa ukishuka tu, na wakubwa wanaudekeza kama kitinda mimba.

Asubuhi ya kuutangaza, mkurugenzi alinituma nikamalizie nyumba namba kumi na saba. Waandishi wa habari wangeingia ukumbini saa nne.

Ukuta ulikuwa umeongezwa urefu tena. Mlinzi, mzee tuliyezoeana kwa utani, alifungua geti dogo.

"Dada wa maswali, karibu. Bosi hayupo, kama kawaida. Uliza, nitakujibu."

Nikaandika. Mshahara wake. Chumba kimoja, cha uani. Gari, hakuna. Nyuma yake yalikuwa yamepangwa magari matano.

Kalamu ikasimama.

"Mzee, miaka yote hii nilikuwa namwandika nani?"

"Si mimi? Ulitaka mkazi wa namba hii, nami nakaa hapa. Kwenye makaratasi yako bosi kafilisika zamani."

Sikucheka. Mtaa mzima una mageti, na sisi wadadisi, kwa kuchoka kufukuzwa, tulimhoji yeyote aliyetufungulia. Niliona aibu. Nikampigia mkurugenzi.

"Aliyejibu ni mlinzi," nilimwambia. "Hata miaka iliyopita."

"Anakaa hapo?"

"Anakaa."

"Basi ni mkazi. Mama, mkataba wako mpya wa kazi uko mbele yangu, nataka kuusaini. Umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Usijikaange kwa mafuta yako mwenyewe."

Akakata. Ilikuwa saa tatu na nusu. Ningeweza kufunga dodoso nikaenda zangu, na kusema kweli nilishaanza kulikunja.

"Andika vizuri, dada," mzee alisema. "Mwezi jana nilimwomba bosi aniongeze mshahara. Akanionyesha gazeti. Eti serikali imepima, pengo linapungua, nivumilie."

Aliyepimwa alikuwa yeye mwenyewe, si bosi wake.

Nikalikunjua dodoso. Juu yake niliandika: mwenye nyumba hajawahi kuhojiwa hata mara moja; aliyejibu ni mlinzi. Nikatia sahihi, kisha nikampigia tena mkurugenzi.

"Usiusaini huo mkataba," nilisema. "Nakuja ukumbini, waandishi walione dodoso hili."