Sayamma Juu ya Darubini

Lingayya alikuwa anageuza pilipili alizoanika uani pale darubini ya serikali iliposhuka na mwavuli wake katikati ya shamba lake la mtama. Puto lililoipandisha lilikuwa limeachwa huko juu, limechanika. Juu ya darubini alikaa Sayamma, mkewe, aliyekufa msimu wa mvua uliopita. Alivaa sari ya kijani aliyozikwa nayo, na kisigino bado kilikuwa kimevimba pale nyoka alipomuuma.

Majirani walileta manjano na nazi, kama wanavyofanya kwa chochote kipya kinachoingia kijijini, iwe ng'ombe au trekta. Wakaipaka darubini manjano mpaka jichoni, wakavunja nazi, wakampa Sayamma kipande.

"Huko juu kuna baridi?" Lingayya aliuliza.

"Kama moyo wa serikali. Na wewe mwanamume, mbona umekonda? Pilipili zenyewe umezianika kama mlevi."

Hakumtaja mumewe kwa jina. Mwiko huo hata kaburi halikuuvunja.

Chai haijachemka, magari mawili ya serikali yakawasili, yakiukanyaga mtama. Siku ile ya nyoka, Lingayya alipiga simu kuomba gari la wagonjwa, akajibiwa kwamba kijiji chao hakina barabara. Wanaume wakambeba Sayamma na kitanda chake, matope magotini, akakata roho kabla hawajaiona lami. Lakini wakubwa wakitaka chuma chao, barabara hujizaa yenyewe.

Mtaalamu wao, Daktari Raghunandan, aliona manjano kwanza. "Nani kapaka huu uchafu?" Kisha akamwona Sayamma. "Aa. Ndiyo maana hesabu zimezidi. Mama, hiki chombo kinapima mionzi ya gama kutoka kwenye nyota. Ukikikalia, kinakuhesabu na wewe."

"Maiti naye ana mionzi?"

"Kila kitu kina yake kidogo. Mawe, chumvi, hewa. Hiyo tunaipima, halafu tunaitoa kwenye hesabu. Inayobaki ndiyo ya nyota, ndiyo tunayoitaka."

"Kwa hiyo mimi ni wa kutolewa."

"Usichukulie vibaya, mama."

"Nimeshazoea, baba."

Lingayya akaukumbatia mguu wa darubini. "Bwana mkubwa, beba chuma chako. Mke wangu niachie."

"Haiwezekani, mzee. Lazima tumpime peke yake kule mjini. La sivyo tutajuaje tutoe kiasi gani?"

"Na nilipowapigia simu mje mumchukue, mlikuwa wapi?"

"Hiyo ni idara nyingine."

Wakampakia pamoja na darubini. Alikuwa hajawahi kupanda gari maisha yake yote. Gari likapita mbele ya hospitali ya wilaya, wala halikupunguza mwendo.

Mwezi uliofuata mwenyekiti wa kijiji aliwaleta wakubwa wengine. Waliziangalia alama za matairi ndani ya mtama, wakapima upana, wakakata utepe, wakapigwa picha. Barabara ikahesabiwa imekamilika. Mvua ya kwanza ikaifuta.

Siku hizi puto jipya likipita juu ya kijiji na darubini yake, Sayamma akiwa ameikalia tena, Lingayya huacha pilipili zake na kumpungia mkewe mkono. Sayamma naye humwonyesha kwa kidole pilipili ambazo hazijageuzwa. Kule mjini wanampima, halafu wanamtoa.