Kidude cha Sikioni

Siku ile mpumbavu alikuwa Evaristo Landeros, na mwenyewe atalikubali hilo kabla hujamaliza kumwuliza. Mtu mzima, nywele nyeupe pe, jina lake limebandikwa kwa herufi kubwa mlangoni mwa ukumbi, kisha anapanda jukwaani na kidude sikioni kama mwanafunzi anayeibia mtihani!

Lakini tumwonee huruma kidogo. Ujanani alikuwa mtu wa jukwaa, kwenye kumbi za mikoani zinazovuja, ambako ukisahau maneno unarushiwa maganda ya machungwa. Halafu televisheni ikamnyakua. Kwetu Mexico tamthilia za jioni hurekodiwa mbiombio, nani ana muda wa kukariri? Mwigizaji hutiwa kidude sikioni, mnong'onezaji hujifungia chumbani akamsomea kila neno, naye hulirudia huku machozi yakimtiririka. Hivyo ndivyo Evaristo alivyokuwa mwovu wa taifa zima. Katika tamthilia moja alimfukuza mama yake mzazi kwenye mvua, na mpaka leo muuza nyanya wa sokoni humchagulia zilizooza.

Mnong'onezaji wake alikuwa Refugio, ambaye kila mtu humwita Cuca. Sauti ile ilimwingia sikioni, ikateremka taratibu mpaka moyoni, akaioa.

Walikuwa wamestaafu wote wawili wakati Ximena Urrutia, mwongozaji mwenye umri wa binti yao, alipompigia simu amwombe aigize fundi cherehani mzee katika mchezo mpya. Evaristo alilia simu ikiwa bado mkononi. Kumbe miaka yote ya televisheni alikuwa akilitamani jukwaa kama mtu anavyotamani kwao.

"Ila sharti moja, don Evaristo," Ximena akasema. "Kwangu hakuna vidude. Nikikiona, nafasi naipa mwingine siku hiyohiyo."

Basi kila asubuhi Cuca akawa anamsomea, sahani za maharage zikipoa mezani.

"Mbona unayo yote, mzee," akamwambia. "Unayasema ukinyoa ndevu. Jana umeyasema usingizini, ukaondoka na blanketi langu."

"Bafuni si jukwaani, Cuca. Kichwa changu kimeoza kuliko nyanya za yule mama. Nikikwama mbele ya watu, ndiyo nimekwisha."

"Wewe ulikwisha zamani, ni vile tu hukuambiwa."

Evaristo akacheka, lakini akakirudisha kijiko sahanini bila kuonja, na Cuca akaliona hilo. Akainuka, akaenda kukitafuta kidude kwenye droo.

Jumapili mchana, siku ya onyesho la kwanza, Cuca alikaa roshani safu ya nyuma, karatasi za mchezo magotini, kipaza sauti kidogo kimefichwa kwenye shali. Alisoma kwa kunong'ona, Evaristo akarudia, mambo yakaenda mswano. Fundi akawa anamfokea mkwewe, binti aliyesimama mikono mitupu katikati ya jukwaa. Kule roshani mama mmoja aliyechelewa akajibanza kwenye kiti cha jirani.

"Mama, mkoba wako unanibana goti," Cuca akamwambia kwa adabu.

"Mama, mkoba wako unanibana goti!" Evaristo akanguruma jukwaani.

Ndivyo ulimi wake ulivyozoea: kikiingia, kinatoka. Binti akatazama mikono yake mitupu. "Nisamehe, baba mkwe," akasema, "nitauweka chini." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Wakati wa mapumziko Ximena akamfuata nyuma ya pazia. "Mkoba gani, don Evaristo?"

"Nimebuni tu, mwanangu. Kuwachangamsha."

"Usibuni tena." Akayakazia macho masikio yaliyofunikwa na zile nywele nyeupe, na Evaristo akajua kwamba la pili halitasamehewa.

Sehemu ya pili ndiyo ilikuwa na ile hotuba. Fundi anakaa kando ya cherehani, mbele ya mkewe mgonjwa, amwambie lile ambalo hakuwahi kumwambia. Evaristo akakaa. Akangoja sauti. Kimya. Akajikuna sikio. Kimya kabisa, kama kisimani. Akainua macho roshani, akamwona Cuca amekunja karatasi, kidevu kiganjani, anatafuna mbegu za maboga.

Jasho likamtoka. Kisha hasira. Na nyuma ya hasira, polepole, yakaja maneno, yakiwa na harufu ya sabuni ya kunyolea.

"Nimewashonea suti mabwana harusi wa mtaa mzima," akasema, "na wewe nikakuacha na vazi la viraka. Kila nilipodunga sindano nilikuwa nikikufikiria, lakini nani huambiwa na sindano?"

Aliisema yote. Hakuisema kwa mwigizaji aliyelala kitandani. Macho yake yalikuwa juu, safu ya nyuma. Alipomaliza, makofi yakaporomoka. Ximena akambusu mashavu yote mawili, asitazame tena masikio.

Chumbani mwa kubadilishia nguo, Evaristo akakichomoa kidude, akakitupa mezani.

"Betri imekufa?"

"Nilikizima," Cuca akasema, akimfungua vifungo vya kizibao.

"Ulikizima! Mwanamke, ulitaka kuniua? Kama ningekwama je? Ungeniambia nini, pole?"

"Hukukwama."

"Hukujua kama sitakwama!"

"Nilijua. Nalala na wewe kitanda kimoja."

"Hiyo si sababu ya kumwacha mtu peke yake mbele ya ukumbi mzima! Nipe sababu moja, Cuca. Moja tu!"

Cuca akaacha vifungo, akamtazama usoni.

"Miaka yote ile nimekutia maneno ya mapenzi sikioni, ukaenda kuwaambia wanawake wengine. Leo nilitaka nikae kwenye kiti kama mtu, niambiwe mimi."