Sketi ya Bunyuen

Picha ile bado imebandikwa dukani kwa Thongdi: mzee amenyanyua sketi ya mwanamke juu ya kichwa chake, mdomo wazi kama kambare. Mzee huyo ni mimi. Sketi ni ya marehemu mke wangu, Bunyuen.

Kwetu mwanaume hapiti hata chini ya kamba iliyoanikwa sketi. Nguvu zinamtoka. Nilijua.

Mwezi mmoja kabla, binti yetu Bualai alipigana mjini Surin, ngumi na mateke. Wanaume huingia ulingoni kwa kuruka kamba ya juu. Wanawake hutambaa chini ya kamba ya chini, kwa sababu ya hirizi zilizofungwa juu; mwanamke akizivuka, eti zinaisha nguvu. Wapiga picha wakamvizia kwa nyuma akiwa amepiga magoti. Gazeti likatoka na makalio ya mwanangu ukurasa wa mbele: "Ua la Surin Lachanua." Kwamba alimwangusha mwenzake kwa goti moja, hawakuandika.

Sokoni wakaniuliza, "Mjomba, hilo ua kilo bei gani?"

Nikaenda kwa mkuu wa ulingo, bwana Prasoet. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kuomba najua. Nikamwomba awasogeze wale watu wa kamera.

"Mzee, picha ile imenijazia viti," akasema, macho yakiwa kwenye wali wake. "Niwafukuze ili iweje?"

Wakubwa ndivyo walivyo. Hakuna wa kwao anayetambaa.

Siku ya pambano la pili, nikiwa namfunga bandeji mikononi, Bualai alisema polepole, "Baba, leo naruka juu."

 Niliwahi kumwona msichana aliyegusa tu ile kamba ya juu. Walimrushia chupa mpaka akavuja damu sikioni, na hakupewa pambano tena popote.

"Watakuumiza, mwanangu."

"Wa chupa nitawaona wakija, baba. Wa kamera wanakaa nyuma."

Tukatoka. Mabegani alikuwa amejitanda sketi ya mama yake, kinga yake ya kila pambano. Nyuma yetu nikasikia viatu vinahama, vinatafuta nafasi. Bualai akanyoosha mkono kwenye kamba ya juu. 

Sijui nani aliyenisogeza. Niliivuta ile sketi mabegani mwake, nikampa mgongo, nikaipandisha juu ya kichwa changu kama pazia.

"Pita chini," nikamwambia. "Hawakuoni."

Taa za kamera zikanipiga machoni. Mmoja akacheka, kisha ukumbi mzima. Sikuweza kugeuka. Sikujua kama amepita chini au ameruka. Nikasimama vile vile, nikisubiri chupa ya kwanza.

Chupa haikuja; ikalia kengele ya kuanza pambano.

Alishinda raundi ya tatu. Gazeti liliniweka mimi. Jina lake halimo hata kwa herufi ndogo.

Bualai aliacha ngumi zamani, ana watoto. Lakini hata harusini, mtu akitoa kamera nyuma yake, mikono yangu hupanda yenyewe.