Kiti cha Bibi Koridoni

Fundi wa mtandao alipanda juu ya stuli, akabandika kifaa cha kusambaza mawimbi juu ya mlango wa chumba cha nyuma, akaitazama simu yake na kutikisa kichwa. Kuta za nyumba ile zilijengwa na marehemu mwenye nyumba, mwashi aliyechukia kelele za majirani kuliko maradhi, naye alizijenga nene kama mtu anayesubiri vita. Sebuleni mtandao ulikimbia. Chumbani kwa mjane wake simu ilibaki tochi.

Bibi mwenyewe ndiye aliyemwita fundi. Mtandao hakuujua wala hakuuhitaji. Alichotaka ni wajukuu. Waliishi nyumba hiyo hiyo, lakini walikuja kumwamkia tu, na kabla hajamaliza kuitikia walikuwa wamekwisha rudi sebuleni.

"Mama, hapa hata ukiita mganga," alisema fundi. "Ukuta umekula kila kitu."

Bibi akaenda kumletea maji. Alipofika kwenye kona ya korido, simu ya fundi ikalia. Alipoipita kona, ikanyamaza.

"Hebu rudi pale pale, mama."

Akarudi, ikalia. Fundi akampima mbele na nyuma, akaona mawimbi yanaingia mgongoni na kutoka kifuani, safi kabisa. Akabandua kifaa chake, akakifungasha.

"Kumbe mnacho chenu," alimwambia mkaza mwana wa bibi. "Msimsogeze tu."

Mkaza mwana akaleta kiti, akakiwekea na mto.

Tangu hapo wajukuu walijaa chumbani kwa bibi. Walijitupa kitandani kwake na viatu vyao, wakacheka mpaka basi. Bibi aliwasikia kutoka kitini. Picha na salamu zilimpita kifuani zina joto, kama chai inaposhuka, na kila neno alilielewa. Matusi yalimkwaruza kidogo.

Alasiri moja uvumilivu ulimwishia. Akainuka, akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alitaka kuwasimulia siku babu yao alipojenga chumba akasahau kuacha mlango, ikabidi atolewe dirishani.

"Babu yenu siku moja," alianza.

Simu zikakata. Mjukuu mkubwa akainua yake juu, akaipungia dari.

"Bibi, umeinuka?"

"Nimekuja kukaa nanyi kidogo."

"Sawa, bibi."

Walikuwa watoto wenye adabu. Mmoja alikumbuka kuna kitu amekiacha sebuleni, wa pili akaenda kumsaidia kukitafuta. Mkubwa akamnyooshea bibi shuka, kisha akatoka. Bibi akabaki na hadithi yake mdomoni. Akaukasirikia ukuta, akamkasirikia na mumewe, kisha akarudi kitini. Wajukuu nao wakarudi, wakampita mmoja mmoja.

"Asante, bibi."

Jioni, ujumbe wa binti yake aliyeolewa mbali ulimwingia mgongoni, ukienda kwa mkaza mwana, ambaye naye alikuwa amejinyoosha kitandani pamoja na watoto.

"Wifi, mama hajambo? Isije ikawa anashinda peke yake."

Jibu halikukawia.

"Hajambo kabisa. Hapa tuko chumbani kwake sote."

Bibi alilisikia likimfika mbavuni. Akanyoosha mgongo, lipite vizuri.